Mstari Nilioruka

Katika kijiji chetu, mwendo wa asubuhi moja kutoka Njombe, mwanamke aliyefika darasa la kumi ni mimi peke yangu. Faida niliyoipata ni kusoma barua za waume wa watu. Wanaume wetu wako kwenye mashamba ya mkonge, Morogoro na Tanga, na wake zao huja kwangu na bahasha kifuani, wakakaa jikoni, wakataka nisome polepole, kisha nisome tena. Wa kwangu aliondoka nao nikiwa na mimba ya miezi minne. Mtoto sasa anatambaa. Baba yake hajaandika hata mara moja, na kuandika anajua, maana mimi na yeye tulichumbiana kwa barua.

Kila gari likinguruma barabarani, masikio yangu yanakwenda kulipokea. Nayachukia masikio yangu.

Jirani yangu amenizidi kama miaka mitano. Mumewe hapitishi mwezi bila kuandika, na anampenda mkewe bila haya. "Nimeota unanipikia ugali wa ulezi," ataandika, na mwenzangu atacheka, atafunika uso kwa kanga, atasema, "Rudia hapo, mwalimu." Ndivyo anavyoniita. Narudia. Mwanaye ana umri sawa na wa mwanangu, naye hajawahi kuonwa na baba yake.

Siku moja akaleta barua. Salamu, kikohozi kimepona, yule mbuzi asiuzwe. Halafu mstari huu: "Tunahamishiwa Mbeya. Lori letu litalala Makambako Jumamosi ya wiki ijayo, pale penye maduka. Mlete mtoto nimwone."

Mwanangu alikuwa ananyonya, ananing'ata kwa jino jipya. Nikauangalia ule mstari. Nikamwona mwanamume ameshuka kwenye lori, anamnyanyua mtoto juu. Wivu ukanishika, na hasira.

"Anasema amehamishiwa Mbeya," nikasema. "Anasalimu wote."

"Basi?"

"Basi."

"Mbona karatasi imejaa?"

"Anaandika herufi kubwa, dada."

Akacheka. "Huyo! Hata matuta yake ya viazi ni hivyo hivyo, manne yanamaliza shamba."

Ile Jumamosi alipalilia viazi akiimba. Mimi nilikuwa naanika nguo za mtoto, namsikia. Kwetu hadi Makambako ni siku mbili kwa miguu, au uombe lifti kwenye lori linalobeba magome ya miti ya miwati. Angekwenda hata kwa magoti. Nilikuwa bado na nafasi ya kupiga kelele siku tatu kabla, siku mbili kabla. Sikupiga.

Mwezi uliofuata ikaja nyingine. Niliisoma kimya kwanza. "Nililala Makambako. Kila gari lililotoka Njombe nililikimbilia. Kama umenichoka niambie, usinifanye mjinga."

"Wino umevuja," nikamwambia. "Niachie, nitaisoma kesho kukiwa na mwanga."

"Wino au macho, mwalimu?" Akaniachia. Aliniamini hivyo.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya kujiandikisha. Kwetu huinuki tu kwenda kwenye Meza ya Bwana. Unakwenda kwanza kwa mwinjilisti akuandike jina, anakuuliza, "Una neno na mtu?" na watu hujibu "Sina" kama wanavyoitikia salamu. Mara iliyopita nami nilijibu "Sina", nikaenda, nikala. Nilirudi na njaa ile ile, kubwa zaidi. Nilimtamani Kristo kama ninavyoutamani mwandiko wa mume wangu, na nilijua aliyefunga mlango ni mimi.

Nilimkuta mwinjilisti anapukuchua mahindi.

"Una neno na mtu?"

"Ninalo na mume wangu."

"Hilo kijiji kizima kinalijua. Lingine?"

Nikamwambia yote nimesimama, mtoto mgongoni. Mikono yake ikatulia.

"Umetubu?"

"Kila siku. Nalia mpaka mtoto ananishangaa."

"Unajililia wewe. Yeye ameshaambiwa?"

"Niandike kwanza, nitamwambia Jumatatu."

"Mama, unataka kujificha kwa Yesu ili jirani asikuone."

Nikawaka. "Na asiponisamehe? Utanifuta?"

"Nitakuandika. Yesu hakukuita kwa sababu jirani yako ana moyo mzuri. Amekuita wewe, mwongo, ukiwa hivyo hivyo. Liamini hilo, halafu nenda kwake. Ukienda bila kuliamini, utafika na kuanza kujitetea."

Alikuwa amenijua. Njiani nilikuwa nimeshapanga maneno ya kujitetea, mazuri kabisa. Niliyaacha kwenye kijito, nikasema kwa sauti, "Bwana, mimi ni mwizi, nichukue." Sikuona nuru yoyote. Niliendelea kutembea tu.

Jirani alikuwa anamenya viazi. Nikasoma barua zote mbili, neno kwa neno, na ule mstari. Kisu kikasimama.

"Alisema nimlete mtoto?"

"Alisema."

"Na alingoja?"

"Alingoja."

Akafuta mikono kwenye kanga. Kisha: "Chukua kalamu. Andika, sijakuchoka. Andika, aliyenisomea aliruka mstari. Andika ni nani."

Nikaandika jina langu, kwa mwandiko ule uliosifiwa shuleni.

"Nisomee."

Nikamsomea.

"Ndivyo ilivyo hapo kweli?"

"Ndivyo, dada."

Akaigeuza ile karatasi, akaitazama kama mtu anayetazama mlango uliofungwa kwa ndani. Hapo ndipo nilipouona ukubwa wa nilichomwibia.

"Nisamehe," nikasema.

"Leo sina la kukujibu. Nenda, mwanao analia."

Jumapili kanisa lilijaa. Mchungaji alikuwa amekuja. Walipoitwa waliojiandikisha, nikainuka. Jirani yangu hakuinuka. Alikuwa amekaa na mtoto mapajani, macho mbele. Hakujiandikisha. Ni mtu mkweli, hawezi kusema "Sina" wakati analo, na neno lenyewe ni mimi. Mkosaji anakwenda kula, aliyekosewa amebaki kwenye benchi. Nilitaka kuketi tena. Nilitaka kutoka nje kabisa, nikimbie mpaka kwenye miwati. Lakini nimeitwa, na sikuitwa kwa kustahili. Nikaenda, nikapiga magoti, nikafungua mdomo kama mtoto, nikapokea. Safari hii niliuonja mkate.

Barua zake jirani sasa anasomewa na mwinjilisti. Za kwangu hazijaja. Jumamosi za kujiandikisha nafika mapema, nasimama nje kwa mwinjilisti kwenye baridi, naangalia njia inayotoka kwa jirani yangu.

Bwana, mlete.