Saini ya Ijumaa

Mimi ndiye niliyepika pombe ya mtama katika shughuli zote mbili nyumbani kwa Mbuyiseli, kwa hiyo asije mtu akaniambia sijui ninachosema. Majirani tulimwita Bhele, kwa ukoo wake, maana mtu mzima haitwi jina lake hivi hivi kama mbwa. Alikuwa mlinzi wa duka kubwa mjini Komani, huku kwetu Afrika Kusini. Sare yake aliipiga pasi mwenyewe, mkewe haruhusiwi kuigusa, na tukimtania kwamba anajifanya jenerali alitupigia saluti.

Desemba ile mwanawe Lukhanyo alikuwa jandoni, huko mlimani na wenzake. Jumamosi angeshushwa nyumbani akiwa mwanamume, na siku hiyo baba ndiye anayesimama mbele ya ukoo kumuusia kijana. Baba akikosekana naye yu hai, watu watamsema mpaka kaburini, na kijana atasemwa pamoja naye.

Alhamisi Bhele alipita kilabuni kuagiza vinywaji. Akakuta watu wawili wanapigana, akaingia katikati kuwaamulia. Mmoja akaanguka, akapasuka kichwa. Polisi walipofika waliwazoa wote watatu. Kesho yake askari akamwambia kwamba ni Ijumaa, hakimu hayupo mpaka Jumatatu. Ama alale pale, ama atie saini karatasi, alipe faini, aende zake. Bhele hakuuliza hata swali moja. Alilipa, akasaini, akawahi. Jumamosi alimuusia mwanawe kwa maneno yaliyowaliza wazee, nasi tukapiga vigelegele mpaka sauti zikatukauka.

Hakuna aliyemwambia kwamba kusaini vile ni kukiri kosa, na kukiri ni kuhukumiwa. Alikuja kujua alipokwenda kuhuisha kibali chake cha ulinzi: alama za vidole zilirudi na habari kwamba amewahi kupatikana na hatia ya kumpiga mtu. Kazi ikaota mbawa. Doa kama hilo hufutwa kwa kuiomba serikali, lakini mpaka ipite miaka kumi.

Miaka kumi! Mwanamume mzima akawa anafyeka majani kwenye nyua za watu. Sare aliitundika ukutani, na bado aliipiga pasi. Lakini lililonikera mimi ni kinywa chake kilichoshonwa. Watu aliwaambia ameacha kazi kwa sababu ya miguu. Lukhanyo naye aliambiwa ni miguu. Siku moja walipokuja kwangu, mkewe, MaNgwevu, alimsihi mbele yangu amwambie mtoto ukweli.

"Nimwambie nini?" akasema. "Kwamba niliyemuusia awe muungwana nilitoka mahabusu jana yake?"

"Mwambie ulisaini kwa ajili yake," nikamwambia. "Mficha uchi hazai, Bhele."

"Ili akae na mzigo huo moyoni? Dada, pombe yako huko jikoni inafurika, kaiangalie."

Ndivyo alivyokuwa, akishindwa hoja anakutuma jikoni. Nilikwenda kwa hasira, na pombe haikuwa imefurika.

Miaka ilipotimia akaanza kusumbuka na karatasi. Polisi wakamchukua tena alama za vidole, cheti kikaja, maombi yakaenda Pretoria, yakarudishwa, yakaenda tena. Kila aliporudi kutoka posta nilimwuliza, "Bhele, umetakata?" Naye akijibu, "Bado nasuguliwa, dada." Majira ya baridi yaliyopita barua ikafika: doa limefutwa. Kampuni moja ndogo ya ulinzi ikamwambia aanze kazi Jumatatu. Alilia, na siku hiyo sikumtania.

Akasema Jumamosi atachinja mbuzi kuwashukuru wahenga, na papo hapo, mbele ya ukoo, atamweleza Lukhanyo kila kitu. Kijana alikuwa East London, mji wetu wa pwani. Amemaliza ualimu, shule imeshampa nafasi, kilichobaki ni polisi kuthibitisha kwamba hana kosa, maana bila hilo huruhusiwi kukaa na watoto wa watu.

Ijumaa tulimngoja, hakufika. Jumamosi asubuhi wazee wameshaketi zizini, Bhele amevaa sare yake, tukamwona Lukhanyo anakuja, shati limechanika begani, anacheka.

"Baba, nisamehe, nusura niikose shughuli yako."

Akaeleza kwamba stendi alimkamata kibaka aliyemkwapulia bibi mmoja mkoba. Wakagaragazana, polisi wakawabeba wote wawili, wakataka kumweka mpaka Jumatatu.

"Nikawaambia baba yangu ana shughuli, siwezi kukosa," akasema. "Kumbe wana utu. Nimesaini tu, nikalipa, wakaniachia."

MaNgwevu aliketi chini vumbini pale pale. Bhele alifungua kifungo cha juu cha sare, akakifunga tena.

"Ulisaini nini?" akauliza.

"Karatasi moja tu, baba. Kwani vipi?"

Mbuzi alichinjwa, maana wageni walikuwa wameshafika. Kisha Bhele akasimama mbele ya ukoo akaeleza yote kama alivyoahidi: kilabu, Ijumaa ile, saini, miaka kumi. Sauti yake ilikuwa ndogo, wazee wa nyuma wakawa wanaulizana amesema nini. Lukhanyo alisikiliza mpaka mwisho, ameshika shati pale begani lilipochanika.

"Miaka yote hii, baba," akasema, "ulishindwa kuniambia?"

Bhele alinitazama mimi, halafu akatazama jikoni. Pombe yote ilikuwa imeshaletwa zizini.