Gundi ya Maganda ya Kamba

Kwa miaka mingi mama mdogo alichapa leso uani kwake Bofu kwa gundi ya kiwandani iliyomchoma macho na kumbana kifua. Mwaka huu daktari alimwambia achague: gundi ile au pumzi zake. Akatafuta nyingine, ya unga wa maganda ya kamba wa baharini. Huukoroga kwa siki mpaka ulainike kama uji, ndipo akatia rangi.

Kazi ya kwanza ilikuwa leso za sare za harusi ya jirani. Zikichuja, alisema, ataacha kuchapa kabisa. Tulichapa, tukaanika, tukapiga pasi ya moto ili rangi ishike. Kipande cha majaribio nilikifua kwa sabuni mara tatu, rangi haikutoka. Nikaandika daftarini.

Kesho yake asubuhi nilimkuta ameketi mbele ya beseni la maji mekundu. Ndani mlikuwa na leso moja, maua yake yamefifia. Nilimuuliza imekuwaje.

"Nimeiroweka kwa chumvi na ndimu," akasema. "Leso mpya huvaliwa haijarowekwa? Wewe mtoto wa nani?"

Kweli, kwetu ndivyo rangi inavyoshikwa. Nyanya alifanya hivyo maisha yake yote. Sasa kinachoshika kimekuwaje kinaondoa? Nilikata vipande vinne: cha maji matupu, cha sabuni, cha chumvi, cha ndimu. Kilichochuja ni cha ndimu peke yake. Nikarudia, ikawa vile vile.

"Si twaiyeyusha kwa siki?" mama mdogo akasema polepole. "Ukali ni ukali, wa siki au wa ndimu."

Nilielewa nusu. Pasi nayo ilifanya kazi gani, basi?

Mchana mama wa bibi harusi akaja kuchukua mzigo. Alipapasa leso, akauliza kama zimerowekwa. Mama mdogo angeweza kuitikia tu.

"La," akasema. "Na ndimu usizitie kabisa. Sabuni na maji, basi." Akamwonyesha ile iliyoharibika.

Mama yule akaigeuza huku na huku. "Wallahi sijaona leso inayoogopa ndimu." Akacheka, akazichukua. Wenzake wa sare angewaambia, alisema, ila mamake mzazi ndiye mrowekaji wa nyumba nzima, na hasikii la mtu.

Alipotoka, mama mdogo akavaa buibui.

"Twende kwa huyo mamake kabla hajateka maji ya kurowekea."

Nikamfuata, sijui tutamwambia nini akatuamini.