Kondoo wa Japani

Mimi darasa la tatu sikumaliza, na leo malori yangu manne yanafika mpaka Nadapal, kule mpakani. Juzi hapa Kakuma mama mmoja Mjapani alinikaribisha kitamutamu cha kwao, mochi, mchele wa kunata uliotwangwa ukawa laini. Nilipokigusa tu, mawazo yakanirudisha Kalokol, kwetu kando ya ziwa.

Mchana mmoja wa utoto wangu, mgeni Mjapani aliyekuja kuangalia samaki alinipa kipande kama hicho, cheupe, kimepakwa unga. Nikajua ni mafuta ya mkia wa kondoo. Njaa iliniuma, lakini mafuta ni ya wazee, basi nikambebea nyanya yangu, nikingoja sifa.

Nyanya akakiweka kwenye makaa kiyeyuke, ajipake. Hakikuyeyuka. Kilifura, kikatoa pumzi, kikanukia kama mtama wa kukaanga.

"Wewe! Huyu kondoo bado yuko hai!"

Kisha akaonja, akafumba macho. "Mwambie mgeni, kondoo zake ni wazuri."

Kwa hiyo juzi nami niliomba makaa. Yule mama akashangaa. "Hata kwetu tunachoma hivyo! Nani alikufundisha?"

Nikanyoosha kifua. "Nyanya yangu, wa Kalokol."