Siku Baba Alipokuja Uwanjani

Mdogo wangu alikuwa winga wa kushoto, na nasema hivi bila kumpendelea: mpira ulimtii. Alianza na chandimu za watoto kwenye majaruba ya mpunga yaliyovunwa ya Kilangali, akachukuliwa ligi ya wilaya hapa Kilosa, kisha timu moja ya Mikumi iliyokuwa ligi ya mkoa ikamweka kambini. Kambi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya gereji, vijana wanalala mzungu wa nne. Alikonda. Kila nikimpigia simu swali lake lilikuwa lilelile: "Dada, baba anasemaje?"

Baba hakusema kitu. Kwake mpira ulikuwa uvivu uliovalishwa jezi. Hakuwahi kumwona mwanawe akicheza, na mdogo wangu alilitaka hilo kuliko kupanda daraja.

Ilinichukua msimu karibu mzima kumlainisha mzee. Tuliposikia kwamba mtu wa timu kubwa ya Morogoro anakuja Mikumi kutazama vijana, nikamwambia, "Baba, twende mara moja tu. Usiporidhika, sitakusumbua tena." Akavaa kanzu yake ya Idi. Ndani ya basi alijifanya amesinzia, lakini kila basi lilipopunguza mwendo aliniuliza kama tumefika.

Tulisimama getini ili wachezaji wapite mbele yetu. Kumbe hawapiti getini. Kamati ya ufundi ilikuwa imeamuru waingie kwenye upenyo wa michongoma, tena kinyumenyume, na tangu kushuka garini hadi filimbi ilie, mchezaji asimwamkie mtu wala kumpa mkono, dawa isije ikaharibika. Kamati ya ufundi! Jina tamu hilo kwa wazee watatu na chupa ya maji machafu. Hasira haijaniisha mpaka leo.

Hayo yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilimwona tu baba akizunguka uzio haraka haraka, pindo la kanzu amelishika mkononi, akasimama mbele ya mwanawe, anacheka. Baba yangu, anacheka hadharani.

Mdogo wangu hakutamka neno. Na kwa kuwa walikuwa wanaingia kinyumenyume, uso wake ulikuwa kwetu muda wote. Alimtazama baba huku akirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka michongoma ikamficha.

Kwetu mtoto hapiti mbele ya baba yake bila shikamoo, hata kama wamegombana. Watu walikuwa wanatazama. "Nirudishe nyumbani," baba aliniambia. Tulikuwa kituoni tuliposikia uwanja unalipuka kwa kelele. Aliyefunga alikuwa mdogo wangu.

Jioni alipiga simu, analia, akanieleza yote. Baba alikataa kuishika simu. "Mpira gani unaokataza shikamoo?" alisema, kisha akamgeukia mama: "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Mama akaendelea kupepeta mchele, machozi yanamtoka.

Yule mtu wa Morogoro alimtaka kweli. Mdogo wangu akaomba ruhusa aje kwanza amwangukie baba miguuni, timu ikamwambia asubiri ligi iishe. Ligi haikuwa imeisha kiharusi kilipompiga baba shambani. Upande mmoja ulikufa, na ulimi pia.

Mdogo wangu alikuja siku ileile na hakurudi tena kambini. Morogoro walipiga simu, wakapiga, wakachoka. Sasa analima mpunga wa baba, anamwogesha, anamlisha uji kwa kijiko. Daktari alituambia mzee anasikia kila kitu.

Kila asubuhi anapiga goti kando ya kitanda. "Shikamoo, baba." Halafu anangoja. Baba humtazama tu, na hakuna anayejua kuna nini ndani ya macho yale.

Juzi mama alishindwa kuvumilia, akaitikia kutoka mlangoni, "Marahaba, mwanangu."

Mdogo wangu hakugeuka. "Mama," alisema, "sijakuamkia wewe."