Mfiwa Hapiki Chai

Nakumbuka siku moja mtaani Lozells, mwanangu, kwenye matanga ya Achieng. Nilikuwa nesi kijana, bado naiona baridi ya Birmingham kama adhabu.

Achieng aliishi na Nafula. Walipendana, na sheria ya hapa Uingereza ilipowaruhusu wanawake wawili kuandikishana kama wenzi, walikwenda wakaandikishana. Sisi Wakenya wa kanisani tulijua, ila tulijifanya hatujui. Tuliwaita "wale dada wanaokaa pamoja," na mandazi yao tuliyala bila haya.

Achieng alipofariki, tulijaa sebuleni kwao. Desturi yetu unaijua: mfiwa hukaa, watu humpa mkono wa pole, na akina mama hushika jiko lake. Siku hiyo kiti cha mfiwa alikikalia Odhiambo, kaka yake marehemu. Nafula alikuwa akitupikia chai. Macho yamemvimba, anapita na trei, nasi tunapokea vikombe. Kuna hata aliyemwomba sukari.

"Mwili utaenda home," Odhiambo alisema. "Family ishaamua."

"Achieng aliniambia azikwe hapa," Nafula akasema.

Ndipo akainuka Mama Njoki, mzee wetu wa kanisa. Huyo hakuwa mtu wa mambo mapya. Hata gitaa kanisani lilimkera. Alimpokonya Nafula trei, akanisukumia mimi.

"Tangu lini mfiwa akapika chai? Odhiambo, mpishe akae."

"Lakini Mama, huyu ni nani kwa Achieng?"

"Nani alimuuguza? Serikali inamjua, hospitali ilimpigia yeye simu. Ni wewe tu humjui. Mpishe."

Odhiambo akasimama. Nafula akakaa, na hapo ndipo alipolia. Tukapanga foleni kumpa mkono.

Baadaye, tukiosha vikombe, Mama Njoki aliniambia, "Usidhani nimeelewa kila kitu. Lakini kufiwa nakuelewa, nimefiwa." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini yeye alikuwa amekilalia.

Odhiambo alikubali, na Achieng akazikwa hapa hapa. Nafula alitupa udongo wa kwanza, Odhiambo wa pili.

Sasa mwanangu, unaniuliza kama uende harusi ya yule rafiki yako na mchumba wake, wanaume wawili, eti watu watasema nini. Watasema, midomo ni yao. Ndoa hiyo sheria imeshaitambua, haingoji ruhusa yako wala yangu. Kinachokungoja wewe ni kuwatambua, na mapema, wakiwa bado wanacheka. Nenda, kaa mbele, kula pilau. Sisi tulingoja mpaka msiba.

Mungu akulinde, akupe marafiki wengi na maisha marefu, na akujalie macho ya kumwona mfiwa hata akiwa ameshika trei.