Hatua za Mjane

Siku ya kuondoa matanga ya mume wa Mama Victorine, wazee wa ukoo waliamua kugawa kiwanja kabla watu hawajatawanyika. Marehemu alikuwa amekinunua pamoja na mdogo wake, Papa Prospère, na nyumba zao zilitazamana, kila moja kwenye mwisho wake wa kiwanja. Ili ugomvi usiingie, wakasema mjane na shemeji yake waanzie kila mmoja mlangoni kwake, mmoja apige hatua moja na mwenzake moja, mpaka wakutane. Pale watakapokutana pajengwe ua.

Prospère, mtu wa reli, mrefu kama mlingoti, alitembea kama anayewahi treni. Victorine alikuwa hajala sawasawa tangu mazishi, na kikwembe cha kilio alichojifunga kilikuwa kimembana magotini. Aliburuta miguu. Walipokutana, nyuma yake hapakuwa na nafasi hata ya kutandika mkeka mzuri. Wazee wakapiga makofi: hatua sawasawa, haki imetendeka.

Tangu hapo ua wa matete ulimsimamia mlangoni. Ndagala zake, samaki wadogo wa kuuza, alizianika ufukweni, kwenye mchanga wa kila mtu, na wateja walipotafuna punje za mchanga walimtukana yeye. Nyumbani chanja ingekaa wapi? Kila alipolalamika aliulizwa swali lile lile: si mlipiga hatua sawasawa? Shule hakuwahi kuingia, na alichojua moyoni mdomo haukuwa na njia ya kukitoa. Kikabaki ndani, kikachacha. Mtaani wakamwita Mama Pilipili.

Juma moja kitindamimba wake, Bijou, wa darasa la tatu, alirudi kutoka shuleni akipima kila kitu, kitanda, mlango, hata mgongo wa mbuzi wa jirani. Victorine alimfokea aache wazimu, aje asaidie kuchambua samaki. Mtoto akaja, lakini mdomo haukutulia. Alisimulia kwamba mwalimu wao, Madame Gisèle, aliwaita yeye na Thierry, lile jitu linalorudia darasa, watembee kutoka mlangoni hadi ubaoni huku wenzao wakihesabu. Hatua za Thierry zilikuwa chache, zake nyingi. Madame akauliza nani mwongo, na darasa zima likamtaja Thierry, kwa kuwa huyo hudanganya kila siku.

"Na Madame akasema nini?" Victorine aliuliza, mikono bado ndani ya beseni.

"Akasema hakuna mwongo. Miguu ya muntu na muntu haifanane, Mama. Hatua haiko kipimo. Njo maana kuko mita."

Victorine alimwambia arudie. Mtoto akarudia. Akamwambia arudie tena, polepole.

Jumapili baada ya misa alimkuta Papa Michel, mzee aliyesimamia ule ugawaji, amekaa kwa Prospère. Walipomwona walijiandaa kutukanwa. Hakutukana. Alimsukuma Bijou mbele, akaomba mtoto aonyeshe somo lake.

"Leo umekuja na avoka wa kukutetea," Prospère akatania.

"Ndiyo, shemeji. Anasoma la tatu."

Alimwomba Prospère asimame mwisho mmoja wa uwanja wake na Bijou mwisho wa pili, ukutani, wakutane hatua kwa hatua, kama siku ile. Prospère alikubali akicheka. Nani atamkatalia mtoto mchezo? Akaja na miguu yake ya reli, na Bijou alikuwa hata hajaondoka vizuri ukutani alipomkuta amesimama mbele yake.

"Mutoto ana miguu mifupi," Prospère akasema.

"Na miye siku ile nilikuwa na miguu gani?"

Prospère alianza kusema kwamba mambo ya zamani yameshapita, lakini sauti ilimwishia njiani, maana mzee alikuwa akilitazama ule ua wa matete, kisha mlango wa mjane, kisha miguu yake mwenyewe. Mwishowe Papa Michel alimuuliza Bijou kama wanaweza kuazima hiyo mita ya shule.

Jumatatu jioni Bijou alikuja na kamba ya Madame yenye mafundo, moja kila mita. Jiko la Prospère lilikuwa limejengwa ndani ya sehemu ya Victorine, na jiko la matofali halihamishwi, kwa hiyo pale mstari wa mpaka mpya ulipinda. Victorine alisema wazi mbele ya mzee kwamba huo nao ni wizi, ila mdogo. Kwingine kote Prospère aliyang'oa matete kwa mikono yake, akinung'unika. Hakumwomba radhi. Victorine naye hakumshukuru, kwa kuwa anayerudisha cha mwenzake hajatoa zawadi.

Lakini kamba haishikwi na mtu mmoja. Walipokuwa wakipima, Bijou alikuwa katikati akihesabu mafundo kwa sauti, na Prospère, amechuchumaa ukutani, alitazama huku na huku, kisha akamnyooshea shemeji yake ncha ya pili.

Mama Victorine alifuta mikono kwenye kikwembe, akaishika, akaivuta mpaka ikanyooka.