Spika Inakunywa Stima Ngapi?

Juzi nilikuwa dukani Kakuma, nimekimbia jua, akaingia mwalimu wa kwaya kutoka kambi ya wakimbizi. Alitaka spika za kompyuta azichomeke kwenye redio yake ndogo ya kaseti, ili nyimbo za Pasaka zisikike mpaka nje ya kanisa. Muuza duka akaipiga kofi kartoni ya spika, penye namba kubwa.

"Wati mia tatu, mwalimu! Hata kule mbali Lokichoggio watacheza!"

Kando yangu alisimama mama mmoja Mturkana aliyefuata tumbaku. Akaichukua spika, akaipima mkononi kama mwanambuzi, akabenua mdomo.

"Hii kitu inakunywa stima ngapi?"

Mwalimu akaigeuza adapta ya kuchomeka ukutani, akasoma maandishi madogo ya mgongoni. "Wati kumi."

"Inakunywa kumi, inatoa mia tatu?" Mama akatutazama mmoja mmoja. "Mbuzi yangu ikikunywa kikombe, haikojoi debe."

Muuza duka alicheka mpaka akashika meza. "Mama, hiyo mia tatu ni ya kartoni," akakiri. "Spika yenyewe ni ya chumbani tu."

Mwalimu, machozi ya kicheko yakimtoka, akazinunua za kufundishia sauti. Pasaka ameiachia ngoma na makoo ya waumini, ambayo hayana kartoni.

Nilipofika nyumbani Lodwar, niliigeuza redio yangu ya wati elfu moja, ile ninayowaringia nayo majirani. Mgongoni imeandikwa inakunywa wati kumi na mbili. Nimeirudisha mezani, mgongo ukutani, na mama yule simkaribishi chai.